Jalada la Santuri ni Amana

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga, nami kwa miaka mingi niliishika methali hiyo hata katika muziki. Nikiona sauti ndiyo mali, na jalada la santuri ni ganda la kutupwa.

Ujinga huo ulinigharimu. Nilipofungua sanduku la marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, nilikuta majalada yameingia unyevu na kuliwa na mende. Nikayatupa yote, nikabakisha sahani. Siku moja mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, huyu anayepiga fidla ni nani?" Kwenye kibandiko cha katikati palikuwa na jina la mwimbaji na la wimbo, basi. Majina ya wapigaji, na la mtunzi wa shairi, yalikuwa nyuma ya jalada.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka wa 1928, santuri duniani ziliuzwa zaidi katika mifuko ya karatasi tupu. Zilizokusanywa pamoja zilitiwa katika vitabu vya rangi moja, vyenye maandishi tu. Mwaka wa 1939 kampuni ya Columbia ya Marekani ilimwajiri kijana wa miaka 22, Alex Steinweiss. Yeye ndiye aliyewashawishi wakubwa wake kwamba jalada lichorwe picha, mnunuzi auone muziki kabla hajausikia. Santuri za kudumu muda mrefu zilipotoka mwaka wa 1948, jalada likawa uwanja wa inchi 12 kila upande.

Sisi wa pwani tusilistaajabie jambo hili. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Na mwanamke haichagui kwa uzito wa kitambaa pekee. Jalada nalo hali kadhalika: lina pambo la kuita macho na maneno ya kubeba ujumbe.

Leo nyimbo zimo ndani ya simu, na picha yake ni ndogo kama ukucha. Mara nyingi wapigaji hawatajwi.

Basi ndugu msomaji, ukiwa na majalada ya zamani, yasimamishe mahali pakavu, na majina yaliyomo uyanakili daftarini. Ni amana ya waliotutangulia. Majuto ni mjukuu, husemwa. Mimi yangu yaliletwa na mjukuu mwenyewe.