STETOSKOPU YA KWANZA: UTACHAGUA GANI?



Kila mwaka, matokeo ya Egzamu ya Leta yakiisha kutoka, kuko wakubwa wetu wa Nguba wanaokwenda kujiandikisha katika masomo ya uganga. Hawalazimike kwenda mbali. Hapa Bukavu kuko iniversite tatu zenye fakilte ya uganga: ile ya Kiinjili (UEA), ile ya Kikatolika (UCB) na ile ya Leta (UOB). Minervali ikiisha kulipwa, jamaa inauliza tena: "Na ile kitu ya kutia mu masikio, ni bei gani?" Papa anahesabu makuta. Shangazi wa Kabare anasema atauzisha mbuzi wake. Kila mtu anataka mtoto afanane na munganga tangu siku ya kwanza. Basi tunaandika ukurasa huu ili mbuzi wa shangazi asipotee bure.

1. Chombo hiki kilitoka wapi?

Zamani munganga alikuwa anaweka sikio lake juu ya kifua cha mgonjwa. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker huko Paris, munganga René Laennec alipokea mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo. Aliona haifai kumlalia kifuani, tena mwili wake ulikuwa mnene. Akakunja karatasi kama bomba, akaweka upande mmoja kwa mgonjwa na mwingine kwa sikio lake. Akasikia moyo wazi kuliko mbele. Kiisha alitengeneza bomba ya mti, na mwaka 1819 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo. Jina stetoskopu linatoka kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kifua na kuangalia. Laennec mwenyewe alikufa mwaka 1826 kwa kifua kikuu, ugonjwa aliokuwa anausikiliza kwa wengine.

Mnaona, chombo hiki kilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alimheshimu mgonjwa wake. Na bomba ile ya kwanza haijakufa. Wakunga wangali wanatumia ndugu yake, Pinard, kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Haiombe pile wala umeme.

2. Kwa nini pande mbili?

Kichwa cha stetoskopu nzuri ya mwanafunzi kiko na pande mbili. Upande mpana uko na ngozi ya plastiki, inaitwa diafragma. Huo unapeleka vizuri sauti za juu: pumzi katika mapafu, na pigo la kawaida la moyo. Upande mdogo uko wazi kama kengele. Huo ni wa sauti za chini, zile nzito na dhaifu.

Wengi wanazarau kengele. Lakini sikilizeni. Mtoto ao kijana anaweza kuumwa koo kwa mdudu aitwaye streptokoki. Pasipo dawa, mara ingine kunafuata homa ya viungo, na homa ile inaharibu milango ya moyo. Mlango uitwao mitrali unakuwa mwembamba, damu inapita kwa shida. Ugonjwa huo ungali unakamata vijana wengi katika Afrika, watu wa miaka yetu kabisa. Sauti yake ni mngurumo wa chini sana. Inasikika vizuri kwa kengele, mgonjwa akilala upande wa kushoto, na kengele ikiwekwa polepole. Ukiikandamiza, ngozi ya mgonjwa inakazika, inakuwa kama diafragma, na mngurumo unapotea. Mwanafunzi aliyenunua kichwa cha upande mmoja tu, kisichopokea sauti za chini, anaweza kupita karibu na ugonjwa huo na asiusikie.

Kuko pia vichwa vya upande mmoja vilivyotengenezwa kwa akili: ukigusa kidogo unasikia sauti za chini, ukikandamiza unasikia za juu. Hivyo ni vizuri pia, lakini bei yake ni kali.

3. Mambo ya kuangalia mbele ya kutoa makuta

Usinunue pasipo kujaribu. Mwombe muuzaji aifungue, kiisha fanya hivi:

a) Tia masikioni. Vyuma vya masikio vinapaswa kuelekea mbele, upande wa pua, kwa sababu njia ya sikio inaelekea vile. Ukivigeuza nyuma, hutasikia karibu kitu.

b) Vile vipande laini vya masikio vizibe vizuri pasipo kuumiza. Kama makelele ya barabara yanaingia, jaribu vipande vya kipimo kingine. Hii ni neno kubwa, maana katika chumba cha wagonjwa kuko watoto wanaolia na wazazi wanaosemezana.

c) Gongagonga diafragma polepole kwa kidole. Kama husikii kitu, geuza kichwa: kinazunguka, kinafungua upande mmoja na kufunga mwingine. Kama pande zote mbili ni kimya, ao zote mbili zinasikika dhaifu, hewa inatoka fasi. Acha hiyo.

d) Kunja mpira. Uwe mnene na laini. Mpira mwembamba unaingiza makelele ya inje, na ule mkavu utapasuka.

e) Angalia diafragma isiwe na ufa. Uliza kama vipande vya masikio na diafragma vya kubadilisha vinapatikana.

f) Maliza kwa moyo wako mwenyewe. Uusikie wazi: pigo mbili, kiisha kimya kidogo, tena pigo mbili.

4. Jina na bei

Mtasikia sana jina Littmann. David Littmann alikuwa munganga wa moyo huko Marekani, aliyetengeneza stetoskopu nyepesi yenye pande mbili. Mwaka 1967 kampuni 3M ilinunua biashara yake. Ni chombo kizuri kweli, lakini ya asili inaweza kufika karibu dola 100 ao kupita, na inaigwa mingi. Jina lililoandikwa juu ya chuma si ushuhuda. Kama mtu anakupa "Littmann" kwa bei ya sukari, ujue unalipa jina tu.

Stetoskopu ya pande mbili isiyo na jina kubwa, iliyopita majaribio yale sita, inatosha kwa kuanza. Chombo cha bei kali hakifundishi sikio. Sikio linafundishwa kwa kusikiliza vifua vingi vya watu wazima, mpaka siku kifua kigonjwa kitakapokuja ulijue tofauti yake.

5. Wakati gani?

Usikimbilie. Mwanzoni kazi kubwa ni vitabu: mifupa, kemia, chembe za mwili. Stetoskopu unaihitaji sana ukianza kwenda kwa wagonjwa. Na siku ile yaya mmoja aliyetangulia atakuonyesha wanatumia gani.

Lakini kitu kimoja ununue mapema: saa yenye mshale wa sekunde. Mtoto mwenye kikohozi, unahesabu pumzi zake dakika nzima, akiwa ametulia. Kama ana miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 ao zaidi ni mbio. Kama ana mwaka 1 mpaka 5, ni 40 ao zaidi. Kwa hesabu hiyo, mhudumu wa afya kijijini anaweza kushuku ugonjwa wa mapafu na kumuhudumia mtoto mapema, hata pasipo stetoskopu. Saa ya bei ndogo inaweza kuokoa mtoto.

6. Kuitunza

Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya Geneva walionyesha kwamba kiisha kupima mgonjwa mmoja, diafragma inabeba wadudu wengi kupita sehemu zote za mkono wa munganga, isipokuwa ncha za vidole. Basi, kama unanawa mikono, futa na stetoskopu kwa alkoli ya asilimia 70, kila mgonjwa. Usiizamishe mu maji. Usiiache juani. Usiizungushe shingoni juu ya ngozi tupu siku nzima, mafuta ya mwili yanakausha mpira. Andika jina lako juu yake, maana zote zinafanana.

Basi, wenzetu wa mwaka wa sita, pelekeni ukurasa huu nyumbani, muusome pamoja na Papa na Mama mbele ya kuuzisha kitu. Chombo cha bei ndogo kilichochaguliwa vizuri kitakufikisha. Na bei inayobaki ya mbuzi, nunueni saa, na vitabu.