Kwa nini mashina 1,111?

Muulize bwana shamba yeyote anayezunguka vibanja vya Izimbya, Wilaya ya Bukoba, hekta moja inachukua mashina mangapi ya migomba. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, jibu ni 1,111. Namba hiyo inapendeza mno, hata mtu anashawishika kudhani imebuniwa.

Haikubuniwa, ni hesabu ya kugawanya. Kila shina limepewa mita za mraba 9, na hekta ina mita za mraba 10,000. Sasa, 10 ukiipunguza 1 unapata 9. 100 ukiipunguza 1, 99. 10,000 ukiipunguza 1, 9,999. Tarakimu za 9 tupu, ukizigawa kwa 9, hugeuka kuwa 1 tupu. Ndiyo maana 9,999 inatoa 1,111, na katika hekta nzima inabaki mita moja ya mraba isiyo na mgomba.

Wakulima hupunguza machipukizi ili kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu. Zidisha kwa 3, unapata migomba 3,333. Tarakimu bado zinafanana.

Namba za 1 tupu zina tabia zake. 11 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. 111 si tasa, ni 3 mara 37. 1,111 nayo ni 11 mara 101. Baada ya 11, namba ya 1 tupu inayofuata kuwa tasa ina tarakimu 19. Na 1,111 ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1,234,321, namba inayopanda hadi 4 kisha ikashuka kama ilivyopanda.

Shida inaanza unapovuta kamba shambani. Kwa kuwa 11 na 101 zote ni tasa, mashina 1,111 hayapangiki kwa mistari iliyo sawa isipokuwa 11 yenye mashina 101 kila mmoja, au yote kwenye mstari mmoja. Katika hekta ya mita 100 kwa 100, ukianzia mpakani kabisa, inaingia mistari 34 ya mashina 34, yaani 1,156. Ukiacha mita 1.5 kutoka mpakani, inaingia 33 kwa 33, yaani 1,089. Ile 1,111 haitokei, kwa sababu 100 haigawanyiki kwa 3.

Kwa hiyo 1,111 ni makadirio ya eneo, si idadi ya mashimo. Kabla ya kutafuta miche, pima urefu na upana, gawa kila kipimo kwa 3, achana na mabaki, kisha zidisha. Mwenye ekari moja ana nafuu: kipande cha mita 54 kwa 75 kinazidi ekari kwa mita chache tu za mraba, na kinachukua mistari 18 ya mashina 25. Jumla 450, bila kubakiza kitu.