Vyombo vya Walemavu Visife Ghalani

Katika ghala ya ofisi moja ya umma, ambayo leo hatutaitaja, tumeshuhudia kwa macho yetu baiskeli za miguu mitatu za walemavu zimelazwa chali na kufunikwa turubai. Siku zilipotolewa palikuwapo hotuba, ngoma na mpiga picha. Siku zilipoharibika hapakuwapo mtu. Moja kati ya hizo imekosa mnyororo tu. Mwenyewe, fundi viatu wa shamba aliyekuwa akija mjini kila siku kutafuta riziki yake, sasa hubebwa mgongoni na mpwawe hadi kituo cha gari, tena siku mpwawe anapopata nafasi.

Ndugu wananchi, kosa letu la kwanza ni kudhani kwamba chombo kimoja kinawafaa watu wote. Anayeishi Micheweni au Makunduchi, kwenye uwanda wa mawe, anahitaji matairi mapana na rimu ngumu. Anayeishi Mkoani, ambako mtu hupanda mlima tokea bandarini, anahitaji gia nyepesi na breki ya kuaminika, kwani hatari kubwa imo katika kuteremka. Na mlemavu mwenyewe apimwe kabla ya kukabidhiwa: urefu wa mikono yake, nguvu za mabega yake, na kama hana hisia makalioni apewe mto maalumu wa kukalia, kwa sababu donda la kukalia huua polepole bila ya kelele. Aidha, chombo ambacho tairi lake halipatikani Darajani wala Chake Chake hakistahili kuitwa msaada, hata kiwe kimetoka wapi.

Kisha ipo chumvi ya bahari. Visiwani chuma huliwa usiku na mchana. Baiskeli ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe, mnyororo utiwe mafuta, gololi zipakwe grisi, na njiti zikazwe kabla ya rimu kupinda. Kazi hizi haziwashindi vijana wetu wa gereji za baiskeli; kinachokosekana ni mtu wa kuwalipa.

Kwa upande wa magari, asiyeweza kutumia miguu huendesha vyema gari isiyo na klachi iliyofungwa mtaimbo wa mkono: husukuma ili kufunga breki, huvuta au huzungusha ili kutia mafuta. Mwenye mkono mmoja hufungiwa kishikizo cha mviringo juu ya usukani. Lakini tunatahadharisha: breki si mahali pa kuchomelea kipande cha nondo kilichookotwa. Boliti zikaguliwe mara kwa mara, na kikanyagio kirudi chenyewe kila kinapoachiwa. Hata bajaji, ambayo wengi huidhani kuwa ni chombo cha mikono mitupu, breki yake hukanyagwa kwa mguu. Asiye na mguu lazima abadilishiwe.

Zaidi ya hayo, miongoni mwa magari yaliyokwishatumika yatokayo Japani yamo yaliyotengenezwa kwa ajili ya walemavu, kama yale ya Toyota yanayojulikana kwa jina la Welcab, yenye kiti kinachogeuka kutoka nje au ngazi ya mteremko nyuma. Mnunuzi ajaribu mota ya kiti mbele ya muuzaji, na ahakikishe mikanda minne ya kufungia kiti cha magurudumu imo yote. Bila ya mikanda hiyo, breki moja ya ghafla humrusha abiria pamoja na kiti chake.

Ndugu zetu maofisa wanajua kwamba Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, na kwamba ibara yake ya 20 inataka vyombo hivi vipatikane kwa gharama ambayo mtu anaimudu. Gharama hiyo haikomei bandarini. Kila wilaya iwe na fungu la vipuri na la ujira wa fundi katika makadirio yake ya mwaka. Na ile baiskeli iliyokosa mnyororo, ofisi inayohusika isingoje makadirio.