Mlaji na Mwenye Hoteli

Kilosa na Mikumi ni miji miwili ya wilaya moja, katika Mkoa wa Morogoro, na miji yote miwili hulisha wageni wengi. Kilosa ni mji wa reli. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ilipita hapo; na mwaka 2024 treni za umeme zilianza kupita Kilosa kwenda Dodoma. Mikumi ni mji wa barabara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha hutokea mjini. Abiria aliyekuwa akitazama twiga na tembo dirishani hushuka hapo akiwa na njaa.

Kula Kilosa na kula Mikumi si jambo moja. Mama lishe wa Kilosa huwajua walaji wake: walimu, makarani, na wakulima waliokuja sokoni. Akimpa mwalimu maharage yaliyochacha, kesho hatamwona, na kesho kutwa hatawaona rafiki zake. Kwa hiyo hujihadhari. Lakini Mikumi, basi husimama kwa muda mfupi, na abiria hana nafasi ya kuchagua. Mwuza chakula asiye mwaminifu husema moyoni, "Huyu hatarudi kwangu." Basi humpa wali wa jana, au humtajia bei kubwa baada ya kula.

Tena iko desturi nyingine ya njiani. Mara nyingi dereva na utingo hupewa chakula bila kulipa, kwa sababu ndio walioleta wateja. Wao hula vizuri, wala hawajui jinsi abiria walivyokula. Kwa hiyo abiria aliyeona ubaya yafaa awaambie, kwa maana yeye hatarudi, lakini wao watarudi kesho, nao ndio wachaguao mahali pa kusimama. Wakihamia hoteli ya pili, mwenye hoteli ya kwanza atapoteza walaji wa basi zima.

Huduma njema hujulikana kwa dalili zake. Maji ya kunawa na sabuni yapo. Chakula kimefunikwa, nzi wasitue juu yake. Bei hutajwa kabla ya kupakua, na baki ya fedha hurudishwa bila kuombwa. Zaidi ya yote, chakula huja kikiwa cha moto. Jambo hili si la utamu tu. Vijidudu viletavyo maradhi huongezeka upesi katika chakula kilichopoa. Ndiyo sababu wataalamu wa afya hufundisha ya kuwa chakula kilichopikwa kisiachwe kikipoa zaidi ya saa mbili, na kile kingojacho walaji kikae katika moto upitao digrii 60. Kipindupindu na homa ya matumbo huweza kuingia mwilini kwa maji machafu, na kwa chakula kilichoshikwa na mikono isiyonawiwa. Kwa hiyo asiyekubali chakula kichafu hana kiburi; anaulinda uhai wake.

Lakini kabla ya kulaumu, imempasa mlaji aulize kosa ni la nani. Basi moja likifika, watu hamsini huingia kwa pamoja, na wahudumu huenda ni watatu tu. Viazi huhitaji muda katika mafuta, na nyama huhitaji muda juu ya makaa. Mhudumu aletaye sahani hakupika, wala hakupanga bei, wala si yeye aliyelichelewesha basi. Mlaji akimkemea kwa makosa ya watu wengine, amemdhulumu. Uchelewaji huweza kusamehewa, bali uchafu na udanganyifu havina udhuru.

Tuseme abiria wawili wameletewa wali uliopoa. Wa kwanza apiga meza, apaza sauti, amwita mhudumu mjinga. Mhudumu akasirika, mwenye hoteli atoka jikoni, na sasa wabishana juu ya matusi. Habari ya wali imesahauliwa. Mara honi ya basi yalia, na yule bwana aondoka na njaa yake. Wa pili asema kwa upole, "Dada, samahani. Wali huu umepoa, na basi laondoka baada ya dakika kumi. Naomba unibadilishie, au unirudishie fedha yangu." Amelitaja kosa lenyewe, ametaja muda alio nao, na ametaja neno alitakalo. Mhudumu ajua la kufanya. Naye alisema hayo alipoonja tonge la kwanza, si baada ya kumaliza sahani. Kwa maana alalamikaye sahani ikiwa tupu ni shida kuaminiwa.

Huko Kilosa, ambako mlaji atarudi kesho, njia njema ni kusema faraghani. "Shikamoo, mama. Mchuzi wa leo umezidi chumvi." "Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kuniambia." Hivyo mama hakuaibishwa mbele ya wateja wake, na kesho mchuzi utakuwa mwema. Lakini ikiwa watu wameugua, au uchafu hauondolewi ijapokuwa mwenyewe ameambiwa, jambo hilo si la siri tena. Apelekewe habari afisa afya wa halmashauri, ambaye wazee humwita Bwana Afya, kwa kuwa kazi yake ni kukagua mahali pauzwapo chakula.

Mlaji naye ana wajibu wake. Amsalimu mhudumu, wala asimwite kwa mbinja. Aulize bei kwanza, na alipe mapema, asingoje honi. Abiria akimbiliaye basi bila kulipa huenda hudhani amemkomesha tajiri, kumbe mahali pengine fedha hiyo hukatwa katika mshahara wa msichana aliyemhudumia. Na akihudumiwa vema, amwambie mwenye hoteli, mhudumu akisikia. Bakshishi ni hiari ya mtu, lakini neno la shukrani halimshindi hata asiye na senti.

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Lakini hata chakula chema hakitajiuza, ikiwa mgeni mmoja ala na kunyamaza, na mwingine aenda zake bila kumwambia dereva hoteli ile ilikuwaje.