Msamiati wa Kiingereza: Chagua Kabla ya Kukariri

Maswali mengi ya Historia katika shule zetu za sekondari huanza na “account for”. Mwanafunzi anayajua maneno yote mawili. La kwanza amelizoea kwenye akaunti ya benki, la pili amelisoma tangu shule ya msingi. Anajaza kurasa mbili akisimulia jinsi tukio lilivyokwenda, kumbe swali lilitaka aeleze sababu zake. Alama zinapotea, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba Historia aliijua, alichokosa ni msamiati.

Watu wengi wakitaka Kiingereza cha juu hukimbilia maneno marefu na adimu. Nashauri waanzie kwingine. Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, alionyesha mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani maneno pamoja na minyambuliko yake. Idadi hiyo inatisha, lakini maneno hayo hayana uzito sawa. Yale 2,000 ya kawaida kabisa huchukua takriban robo tatu ya kitabu cha kitaaluma. Juu yake lipo tabaka ambalo Averil Coxhead, aliyefanyia kazi yake chuoni hapohapo, aliliorodhesha mwaka 2000: familia 570 tu, kama “assume”, “derive”, “establish” na “significant”. Katika maandishi ya kitaaluma, karibu neno moja kati ya kila kumi linatoka humo, iwe ni sheria, biashara, sayansi au sanaa. Kwa mwanafunzi wa chuo, sijui orodha fupi inayolipa kuliko hii.

Maneno mengi ya tabaka hilo yana asili ya Kilatini, na mengine yalipitia Kifaransa. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, huku Kilatini kikibaki lugha ya kanisa na elimu. Ndiyo maana Kiingereza kina “ask” la asili, “question” la Kifaransa na “interrogate” la Kilatini. Yote yanahusu kuuliza, ila hilo la mwisho linamkalisha mtu mbele ya askari.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji asioutumia. Amekua na pika, pikia, pikwa, mpishi na mapishi, kwa hiyo hahitaji kushawishiwa kwamba mzizi mmoja huzaa ukoo mzima. Akishajua kwamba “dict” kwa Kilatini inahusu kusema, “predict”, “contradict” na “dictate” hazimtishi tena. Kinachomkwaza ni sauti. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kiingereza huuhamisha ndani ya ukoo mmoja: “photograph” mkazo uko silabi ya kwanza, “photographer” ya pili, “photographic” ya tatu, na irabu hubadilika nao. Mtu aliyelielewa neno vizuri kitabuni anaweza asilitambue kabisa redioni. Kamusi nyingi za Kiingereza huweka alama ndogo ya wima, juu, kabla ya silabi yenye mkazo. Itafute alama hiyo kabla hata ya kusoma maana.

Kisha kuna suala la maneno yanayoandamana. Mgeni aliyefundishwa kwamba piga ni kuchapa hawezi kukisia piga pasi, piga picha wala piga hodi. Sisi hatukuyakariri, tuliyasikia yakiwa pamoja. Kiingereza nacho husema “commit a crime”, “conduct research”, “reach a conclusion”. Kwa sababu hiyo daftari lenye neno upande mmoja na maana moja ya Kiswahili upande wa pili halitoshi. Nakili sentensi nzima ulimolikuta neno.

Jambo moja huwashangaza hata walimu. Vitabu vingi hupanga maneno mapya kwa mada, yenye maana za karibu yakikaa pamoja. Majaribio ya Thomas Tinkham mwaka 1993 na Rob Waring mwaka 1997 yalionyesha kuwa maneno ya namna hiyo, yakifundishwa kwa pamoja, huchanganyana na kuchelewa kushikwa. Mimi hutenganisha pia yanayofanana sura: “adopt” leo, “adapt” baada ya wiki kadhaa.

Kuhusu kusahau, Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, na akaona kwamba mengi hupotea mapema sana. Dawa ya kusahau ni kurudia kwa vipindi vinavyozidi kurefuka, tena kwa kujiuliza na kujibu, maana kusoma orodha upya hukupa hisia ya kujua tu. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia nyepesi ya kadi ndani ya boksi lenye sehemu tano. Ukijibu sawa, kadi inasogea sehemu ya mbele, ambayo hupitiwa mara chache zaidi. Ukikosea, inarudi ya kwanza. Siku hizi zipo programu za simu zinazokupangia vipindi hivyo. Kadi zenyewe, hata hivyo, tengeneza wewe, kutoka kitabu unachokisoma wiki hiyo, kwa sababu za kupakua huja na maneno ambayo huenda kitabu chako hakiyatumii.