Kuuliza Si Kunyima

Tangu simu yenye intaneti ifike mashambani, Wakristo wa Marekani na Ulaya wamekuwa wakipokea ujumbe kutoka Kisii na Nyamira, nchini Kenya. Mchungaji anajitambulisha, anasifu mahubiri ya anayeandikiwa, kisha anaomba Biblia, mabati ya kanisa au unga wa yatima. Baada ya muda huja picha ya watoto wenye sahani mkononi. Baadhi ya maombi haya ni ya kweli kabisa. Mengine hutoka kwa watu wasio na kanisa wala yatima, na watoto wa kwenye picha wana mama zao nyumbani. Msomaji aliye mbali hana njia ya kutofautisha, kwa hiyo ama hutuma pesa na kutumaini, ama hufuta ujumbe na kuufunga moyo. Njia zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali pamoja: hakuna aliyewauliza wanaoishi na mhitaji.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba aliyeumia ni mfadhili. Mfadhili alipoteza pesa, ndiyo, lakini bado ana chakula mezani. Hasara kubwa humwangukia mjane wa Nyakoe au wa Nyamira ambaye mahitaji yake ni ya kweli, na ambaye kesho hataaminiwa kwa sababu ya tapeli wa jana. Uhitaji upo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi mengine hayatoshi kulisha nyumba moja. Msongamano huo huo una upande wake wa pili. Pale Nyakoe, sokoni kando ya barabara ya kwenda Oyugis, habari za nani amefiwa na nani analala njaa haziko mbali na anayetaka kuzijua. Mzee wa kijiji anazo, mwalimu wa chekechea anazo, na mashemasi pia. Ukweli ambao mfadhili anautafuta kwa tochi huko ng'ambo, jirani anao bila kuutafuta.

Maandiko nayo yanaelekeza huko huko, kwa uwazi ambao mara nyingi tunaupita haraka. Waumini wa Kiyunani walipolalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku, mitume hawakuamuru sadaka iongezwe. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema na wenye hekima, na wachaguliwe na jamii yenyewe. Paulo anamwandikia Timotheo kuhusu wajane wa kuandikishwa, na anataka watoto na wajukuu wawatunze wazee wao kwanza, ili kanisa libaki na nguvu ya kumsaidia asiye na mtu. Anapopeleka mchango kwa watakatifu wa Yerusalemu, hasafiri nao peke yake. Anafuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, na anawaeleza Wakorintho waziwazi kwamba hataki lawama juu ya fedha hizo. Ikiwa mtume alikubali kuangaliwa, mchungaji wa leo anayekasirika akiombwa risiti anatetea nini? Hata Boazi, ambaye ukarimu wake kwa Ruthu husifiwa kila tunapousoma, alianza kwa kumuuliza msimamizi wa wavunaji binti yule ni wa nani.

Utapeli wa kidini nao si uvumbuzi wa WhatsApp. Katika karne ya 2 mwandishi Lucian aliwacheka Wakristo kwa jinsi walivyompenda na kumjaza mali Peregrinus, mtu aliyemwona kuwa laghai. Didake, mwongozo wa kanisa la mwanzo, unaagiza mgeni apokewe kwa jina la Bwana, kisha unaweka mipaka: akae siku mbili au tatu, akitaka kubaki afanye kazi, na nabii anayedai fedha ahesabiwe kuwa wa uongo. Wakristo hao wa mwanzo walikuwa maskini na waliteswa, lakini mlango wao ulibaki wazi kwa wageni. Kuuliza kwao kulikuwa sehemu ya ukarimu.

Wapo watakaosema kwamba Yesu aliagiza tumpe anayetuomba, na kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Agizo hilo halipunguzwi. Aliyesimama mbele yako na njaa, mpe chakula. Hakuna haja ya kamati. Ila agizo la kutoa kwa siri linamzuia mtoaji kutafuta sifa. Halimpi mpokeaji wa mali ya umma ruhusa ya kuificha. Anayekusanya kwa jina la watoto 40 ameshika mali ya watoto hao, na wana haki ya kujua iliko. Wakisii wanalifahamu hilo pasipo kufundishwa na mzungu: katika mchango wa matanga au wa bili ya hospitali, jina na kiasi huandikwa kwenye daftari na kusomwa mbele ya watu.

Sheria za Kenya zimesogea upande huo pia. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inaipa familia nafasi ya kwanza, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwa jamaa zao. Sababu yake inawahusu Wakristo moja kwa moja. Watoto wengi walioko kwenye makao wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Mara nyingi waliondolewa nyumbani na umaskini. Pesa ikifuata jengo, mtoto atapelekwa kwenye jengo. Ikimfuata bibi anayelea wajukuu, mtoto atabaki na bibi, na huenda kwa gharama ndogo zaidi. Mpango wa serikali wa fedha kwa yatima, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004 na baadaye kufikia shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila kaya, ulipitisha majina kwenye kamati za mtaa na baraza ili wananchi waseme nani anastahili.

Lakini kuna pingamizi moja linalonisumbua kuliko mengine. Jirani anaweza kuwa mkatili. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wa umri mkubwa waliuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mzee aliyenyanyapaliwa hivyo, nani atalitaja jina lake barazani? Kamati inaweza kujaa jamaa wa chifu, na aliye maskini kupita wote akaachwa kwa sababu anaogopwa. Hapa ujuzi wa kijiji hautoshi, na huruma inahitajika ndani ya hekima yenyewe. Akina mama wa chama cha Dorkas cha Kiadventista na jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki wana jambo ambalo baraza halina: wanaweza kubisha hodi kwenye nyumba ambayo watu wanaipita haraka, wakaketi, wakala na mwenyeji. Kanisa lililoacha kufanya hivyo limeacha kazi yake, hata kama hesabu zake ni safi.

Kwa mfadhili aliye mbali, basi, maswali ni mepesi kuliko anavyodhani. Kama aliyemwandikia ni Mwadventista au Mkatoliki, ofisi za konferensi ya Kiadventista na za Jimbo Katoliki la Kisii zinaweza kuulizwa. Kama ni huduma ndogo isiyo na ofisi, chifu yupo, afisa wa watoto wa kaunti ndogo yupo, na kanisa jirani lisilonufaika na mchango huo lipo. Karo ilipwe kwenye akaunti ya shule na risiti ibaki na mlezi. Mchungaji mwaminifu wa Nyakoe atachelewa wiki kadhaa kupata msaada kwa sababu ya maswali haya, na huo ni uchungu wa kweli kwa mtu mwenye watoto wanaosubiri uji. Anayeuliza amwambie mapema kwa nini anauliza, aulize kwa heshima ya ndugu kwa ndugu, na majibu yakija asicheleweshe tena.