Rangi Iliingia Ufani, Jicho Likapita

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya shirika la United ilikuwa ikitoka Denver kwenda Chicago. Ilipokuwa juu ya mashamba ya mahindi ya Iowa, diski ya feni ya injini ya mkiani ilipasuka. Vipande vyake vilikata mabomba ya mifumo yote mitatu ya haidroliki, na usukani ukawa hauna kazi. Marubani waliiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizosalia hadi uwanja wa Sioux City, ambako ilianguka. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 112 walifariki.

Kasoro ya diski ile, iliyokuwa ya titani, ilianzia kiwandani, mwaka 1971. Titani inapoyeyushwa, ikigusana na nitrojeni huifyonza, na huweza kubaki na chembe ngumu isiyonyumbulika. Chembe ya namna hiyo ilikaa kwenye ukuta wa tundu la katikati ya diski. Wakaguzi walipitisha mawimbi ya sauti ndani ya metali kabla haijachongwa umbo lake la mwisho, lakini chembe iliyoshikamana barabara na metali inayoizunguka hairudishi mwangwi wa kutosha. Baadaye ilibanduka, ikaacha kishimo cha milimita 1.4 hivi. Kila ndege iliporuka, diski ilizunguka kwa kasi na kuvutika, ilipotua, ikalegea. Safari baada ya safari, kishimo kikawa ufa.

Ufa wa namna hii hutafutwa kwa rangi. Kifaa husafishwa, hupakwa kimiminika chenye rangi inayong'aa, na kimiminika hicho hujivuta chenyewe hadi ndani ya mwanya mwembamba kabisa. Cha juu huoshwa, kisha hunyunyizwa unga mweupe unaokifyonza kilichojificha. Mkaguzi huingia gizani, husubiri macho yazoee, huwasha taa ya urujuanimno na kutafuta mstari wa kijani.

Diski ile ilikaguliwa hivyo huko San Francisco mwezi Februari 1988, safari 760 kabla ya ajali. Wachunguzi walikadiria kwamba wakati huo ufa ulikuwa umefikia zaidi ya sentimita moja. Diski ilipopatikana shambani miezi mitatu baada ya ajali, uchunguzi wa kikemia ulikuta kwenye uso wa ufa masalia ya kimiminika cha ukaguzi. Rangi ilikuwa imeingia. Haikuonekana.

Ni rahisi kumshika mtu mmoja na kumtwisha lawama. Bodi ya uchunguzi ya Marekani iliangalia mbali zaidi: ilisema utaratibu wa ukaguzi haukuzingatia vya kutosha mipaka ya binadamu. Naona ilisema kweli. Diski ilining'inizwa kwa waya uliopita katika tundu lile lile. Usipoizungusha, sehemu iliyofunikwa na waya haionekani vizuri. Na mkaguzi aliyeangalia diski nyingi zisizo na kosa huanza, bila kukusudia, kutarajia ijayo nayo iwe salama. Nidhamu peke yake haiondoi hali hiyo. Kinachosaidia ni mapumziko yanayoheshimiwa, jicho la pili, namna bora ya kukishika kifaa, na njia nyingine isiyotegemea kuona, kama mkondo wa umeme unaovurugika unapokutana na ufa. Viwanda navyo vilihamia kwenye titani inayoyeyushwa mara tatu katika ombwe badala ya mara mbili, ili chembe ngumu zipungue tangu mwanzo, kabla kifaa hakijamfikia mkaguzi.